Aliyekaa Mahali pa Mama

Fundi yule wa Iringa alizoea kubonya gari kwa viganja vyake vinene, kisha kuhesabu linanesa mara ngapi. Kigari cha Saulo kilikuwa kimekatwa springi na mmiliki wake wa kwanza ili kikae chini, na sasa kila jiwe lilimfika mama yake Saulo mgongoni. Fundi aliziacha shokomzoba ndefu zinazong'aa, zile za kupunguza mtikiso, akafunga fupi, akabonya.

"Moja, mbili. Bado." Akafunga nyingine. "Moja. Basi. Mama hukaa wapi humu garini?"

"Nyuma," Saulo alisema. Fundi akaketi hapo hapo, akafumba macho, Saulo akaendesha wakapita makorongoni. Waliporudi akazibadili tena.

Saulo alipomfikisha mama yake Kalenga, mama alishuka bila kushika kiuno.

"Fundi anaitwa nani, nimwombee?"

"Sikumwuliza, mama. Ila alikaa hapo pako nyuma, tukapita makorongoni ajaribu."

"Basi nitasema, yule aliyekaa mahali pangu."