Mkono Uliosomwa Daftarini

Huku kwetu mgonjwa huenda hospitalini na daftari lake, lile lile ambalo mtoto huandikia hesabu. Daktari huandika humo kinachokusumbua na dawa aliyokupa, na siku nyingine ukirudi, daktari mwingine husoma alichoandika mwenzake. Wengi hawayatunzi. Likiliwa na panya au likichanwa na watoto, mtu hupita kwenye kioski cha langoni, akanunua jipya, akaanza maisha upya. Mimi langu nililivalisha karatasi ya kaki kama la mwanafunzi, nikayapiga pasi majani yaliyojikunja, na kwa miaka tisa sikulisahau nyumbani hata mara moja.

Nilikuwa na sababu. Miaka tisa hiyo nyuma niliugua akili. Mimi ni fundi wa kushona, cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka moja mjini Voi, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Januari moja nilikaa siku nne bila usingizi, na siku ya tano nikavikata vitambaa vyote vya wateja vipande vidogo vya mraba, nikavipanga kwa rangi zake, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena. Watu wa kwetu walinichukua, nikatibiwa hospitalini. Nilipewa vidonge vya kumeza kila jioni na siku moja kila mwezi ya kufika kliniki ya akili. Muuguzi wa pale aliniambia, "Usitoke bila hiki kitabu. Ukienda kutibiwa chochote, hata jino, wape wakione wajue dawa unazotumia." Nikamtii. Nilimeza vidonge, nikashona, na wateja wakarudi mmoja mmoja, kwanza wale wasiokuwa na fundi mwingine, kisha hata wale walionicheka.

Mwaka jana, Jumamosi moja ya mvua, nilipanda kwetu Ronge pamoja na dada yangu mkubwa kumsaidia mama kuteremsha ndizi hadi barabarani. Mashamba yetu yamekaa kwenye mteremko, na njia yake ikilowa hata mbuzi huifikiria mara mbili. Nilikuwa na mkungu kichwani. Mguu ulikwenda, nami nikaufuata, nikaangukia mkono wa kulia matuta mawili chini. Nilisikia kifundo cha mkono kikilia kama kuni kavu. Mama aliukimbilia mkungu kwanza, na simlaumu, maana ulikuwa bado unabingirika.

Dada alinifunga mkono kwa leso, tukashuka hadi mjini. Yeye ni mwalimu, na njia nzima alionekana kama mwalimu anayetafuta la kusema. Tulipofika kwenye lango la hospitali akasimama kando ya kioski.

"Ngoja nikununulie kitabu kingine hapa."

"Cha nini? Changu ninacho."

"Hicho kiache kwa mkoba. Leo tumeleta mkono, basi."

"Dada, mficha uchi hazai. Mimi sijaiba kitu, ninaumwa."

Akanitazama, akaurudisha mkono wake kutoka kwenye mkoba. Laiti ningemsikiliza! Lakini nilikuwa nimechoka kuwa siri ya watu wengine, na mkono ulikuwa unanipwita hadi kwapani.

Daktari alikuwa kijana mpole, macho yake mekundu kwa uchovu. "Pole sana, mama. Nini imetokea?" Nikamweleza. Aliushika mkono, akabonyeza chini ya kidole gumba, nikapiga yowe. Akavuta fomu ya eksirei kutoka kwenye rundo, akaanza kuandika jina langu. Niliona kwa macho yangu. Halafu akafungua daftari kutafuta pahali pa kuandika, na kwa kuwa lilikuwa safi na lina mpangilio mzuri, akaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza. Alisoma, akafunua, akasoma tena. Alipomaliza, aliichukua ile fomu akairudisha chini ya rundo.

Tangu hapo alizungumza na dada.

"Anakunywa dawa vizuri?"

"Anakunywa."

"Na kulala?"

"Ninalala," nikasema mimi. Akangoja. Dada aliposema, "Analala," ndipo kalamu ikaandika.

"Na hapo kwa mteremko, alianguka ama alijirusha?"

Hapo nikashindwa kujizuia. "Daktari, nilikuwa na mkungu wa ndizi kichwani. Ni nani hujirusha na ndizi?" Mzee aliyekuwa ameketi mlangoni alicheka. Daktari hakucheka.

"Tulia, mama."

"Nimetulia. Nataka mkono upigwe picha."

"Naona uko na hasira."

"Niko na hasira kwa sababu mkono unauma na wewe unasoma kitabu!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na askari wa mlangoni akachungulia. Mtu mwingine akipaza sauti, amekasirika. Mimi nikipaza sauti, nimeanza tena. Nililijua hilo tangu zamani, lakini maumivu hayakumbuki mafunzo. Dada akaniwekea mkono begani, akamwambia daktari kwa unyenyekevu, "Samahani, daktari. Huwa anapanda hivi, halafu anashuka." Aliogopa nisije nikalazwa wodi ile nyingine. Nalijua hilo pia. Bado maneno yale yaliniuma kuliko kifundo.

"Vidole vinasonga?" daktari akauliza. Nikasogeza viwili. "Vinasonga. Umeteguka tu." Akanifunga bendeji, akaniandikia dawa ya maumivu na sindano ya kunituliza. Sindano nilijua siihitaji. Lakini kuikataa kungekuwa ushahidi mwingine, kwa hiyo nikakunja mkono wa blauzi mwenyewe. Akaandika aya ndefu daftarini, na siku ya kliniki yangu ya akili ikasogezwa karibu. Nililala kwenye kochi la dada hadi saa sita mchana wa siku ya pili.

Kwenye kliniki hiyo, muuguzi wangu alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo alisoma aya ile ndefu, akaniuliza kama nimekuwa nikigombana na watu, akaniongezea kidonge kimoja. Mkono nilikuwa nimeuweka juu ya meza yake. Ulikuwa umevimba, umegeuka rangi ya bilinganya. Aliniambia niukande kwa maji ya moto.

Wiki zilizofuata kila mtu alinitazama macho, hakuna aliyenitazama mkono. Nikisema unauma, dada aliuliza, "Jana ulilala?" Nikisema sikulala kwa sababu unauma, alikuja kuhesabu vidonge vyangu. Na jambo baya zaidi, ambalo sijamwambia mtu, ni kwamba nilianza kukubaliana nao. Kichwa hiki kiliwahi kunidanganya siku tano mfululizo, nami nikakiamini chote. Kilichokizuia kunidanganya kuhusu mkono ni nini? Nilikuwa nikikaa kitandani nimeupakata, nikiuuliza kama kweli unauma. Siku moja nilikwenda barazani kujaribu kukata kola ya sare ya mtoto wa chekechea. Mkasi mkubwa wa fundi ulinianguka mara tatu. Mara ya nne sikuuokota. Niliogopa sana, maana mkono huo ndio ulionirudisha kwa watu baada ya ugonjwa, na sikuwa na kitu kingine cha kunirudisha.

Wiki ya sita dada alikuja na daftari jipya. Alikuwa ameshaandika jina langu juu yake kwa mwandiko wake wa ubaoni. Safari hii sikumwambia habari za mficha uchi. Tulikwenda hospitali nyingine, upande wa Mwatate, na lile la kaki nikaliacha nyumbani chini ya vitambaa.

Daktari wa huko alikuwa mtu mzima. Alifungua ukurasa wa kwanza, akakuta haujaandikwa kitu, akaniinulia macho. Aliniuliza mimi. Alinisubiri nimalize. Nilipofika kwenye ndizi alicheka kidogo, akasema njia za Ronge anazijua. Nilitaka kulia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimepigwa picha, na akatuonyesha mfupa ulivyovunjika na ulivyojiunga mshazari, kama mshono uliopita nje ya mstari wa chaki.

"Ungekuja wiki ile ile," akasema, "tungeuvuta, tukafunga plasta, na saa hii ungekuwa umerudi kwa cherehani. Mbona ulikaa nyumbani?"

Nilimtazama dada. Yeye alitazama sakafu. Jibu nilikuwa nalo lote, hadi rangi ya wino wa yule daktari kijana. Lakini kulitoa kulihitaji nilitaje lile daftari jingine, na nilishaona kinachotokea kwenye uso wa daktari anapolisoma. Huyu alikuwa bado ananitazama mimi.

"Nilipuuza," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Nyinyi kina mama mnapenda kujikaza." Akaandika. "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana."

Hilo nalo akaliandika. Alisema kuna upasuaji unaoweza kujaribiwa Mombasa, ila hataniahidi kwamba nitashika tena mkasi mzito. Alisema kwa huruma, nami nikaitikia kwa huruma hiyo hiyo, kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine.

Nje dada alibeba bahasha ya picha kifuani. Tulitembea hadi chini ya kivuli cha ukuta, hapo akasimama, akanishika bega la upande mzima. Macho yake yalikuwa na maji, na yalijaa fahari, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito wa kuelewa amesoma ukurasa mzima bila kukosea.

"Umeona?" akasema. "Leo umejibu vizuri sana."

Nikamwambia asante, kwa sauti ya chini.