Jeep ya Komanda na Mafuta Yaliyoungua

Katika Bukavu ya wakati ule, magari ya bwate otomatiki, yale ambayo sanduku la gia hujibadilisha lenyewe, yalikuwa machache sana, na mafundi tuliothubutu kuyafungua tulikuwa wawili. Mwenzangu alishavuka mpaka na familia yake. Ndiyo maana waasi walioshika mji walipouliza mtaani Nyawera nani anaweza kutengeneza jeep ya komanda wao, watu walionyesha garaji yangu.

Jeep iliingia ikisukumwa na askari wanne na wapita njia wawili waliolazimishwa. Ilikuwa kuukuu, ya rangi ya majani makavu, na mlango mmoja ulikuwa na matundu ya risasi. Komanda alikuja nyuma kwa miguu, bila haraka. Shofele, dereva wa hiyo jeep, alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, raia, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Gari lilikuwa la mwenye shamba la kahawa huko Kalehe. Waasi walipolichukua, walimchukua na shofele wake.

"Ni weye fundi wa bwate?" komanda aliniuliza.

"Ndiyo, chef."

"Asubuhi inatembea muzuri. Ikishapanda mulima, moteri inalia tu, gari haiendi. Kuna mutu anaiharibu. Nataka unionyeshe huyo mutu."

Mke wangu alikuwa anaanika nguo uani. Nilimwona anaacha beseni na kuwaingiza watoto ndani.

Niliwasha injini nikaiacha ipate moto. Mguu kwenye breki, nikapitisha kijiti cha gia katika kila nafasi. Gari zima, ukilitia gia, hushtuka kidogo papo hapo. Hili lilikawia. Nilihesabu mpaka nne ndipo likashtuka. Nilijaribu kurudi nyuma, ikawa vilevile. Basi si gia moja iliyovunjika, nilijiambia. Ni mafuta yasiyosukuma. Injini ikiwa bado inanguruma, nilichomoa kipimo cha mafuta ya bwate, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena.

Mafuta ya bwate ni mekundu na mepesi, utadhani sirop ya grenadine, ile sharubati nyekundu. Haya yalikuwa meusi, mazito, yananuka kuungua. Niliyasugua kati ya vidole viwili na nikaelewa kwamba mtu alikuwa ameongeza mafuta ya injini. Nilipoinua macho, shofele alikuwa ananitazama.

"Iko nini?" komanda aliuliza mgongoni mwangu.

"Bado, chef. Lazima niingie chini. Huyu muzee anishikie taa."

Tulilala chini ya gari juu ya katoni, bega kwa bega. Kutoka pale tuliona buti za askari tu.

"Ni miye," shofele alininong'oneza. "Bwate ilikuwa inavuja. Nilitafuta mafuta nyekundu mu mji muzima, haiko. Komanda alisema siku gari inasimama, miye pia nitasimama. Nikaweka ile ya moteri. Papa, niko na wajukuu."

Nitasema ukweli: wazo langu la kwanza lilikuwa kumtaja. Nilikuwa na watoto watatu nyuma ya ule ukuta, na mtu huyu sikumjua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Alihamisha taa mkono wa pili, mwanga ukaangukia bomba linalopeleka mafuta ya bwate kwenye radiateri yapate kupoa. Lilikuwa limesuguana na chuma cha chasi mpaka likatoboka. Tone lilining'inia pale, likaanguka, jingine likaanza. Huo ndio ulikuwa ugonjwa. Mafuta mabaya yalikuja baada yake.

Nilitambaa nikatoka.

"Chef, hakuna mutu. Ni bomba, limetoboka."

"Limekatwa?"

"Angalia weye mwenyewe. Kisu kinakata mara moja. Hii imelika pole pole, upande moja, kwa miezi. Ni barabara ndiyo iliifanya hivi."

Aliinama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Na mafuta iko nyeusi sababu ya nini?"

"Ikipunguka inaungua, chef."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Kama mmoja wa wale askari angejua magari, angekichukua kile kipimo, angeyanusa yale mafuta, na tungepigwa risasi ukutani sote wawili. Hakuna aliyesogea.

"Tengeneza," komanda alisema. "Kisha utapanda na sisi."

Nilikata sehemu iliyotoboka nikaunganisha bomba kwa mpira na vibano. Nilipofungua karai la chini ya bwate, nilikuta tope jeusi kama machicha ya kahawa, na ndani yake vumbi la chuma linalometameta. Sahani za ndani, zile zinazoshika gia, zilikuwa zimekwisha. Ile bwate ilikuwa inakufa. Ingeenda siku chache tu. Nilipangusa karai haraka kabla komanda hajakaribia. Nilikuwa na lita saba za mafuta mekundu nilizotunza kwa ajili ya usukani wa malori ya parokia, ambao hutumia mafuta hayohayo. Nilizimimina zote.

Tulipanda kuelekea Kadutu. Shofele aliendesha, komanda kando yake, mimi nyuma kati ya bunduki mbili. Gia ya pili ilikawia, ikashika. Penye mwinuko mkali injini ilipandisha sauti na gari likabaki palepale. Shofele alilegeza mguu taratibu, akashusha kijiti mpaka gia ya kwanza, akangoja. Bwate ikashika. Tukafika juu.

"Muzuri," komanda alisema, akaniamuru nishuke.

Siku hiyohiyo, kabla bwate haijafa na komanda kurudi kunitafuta, niliipeleka familia Katana, kwa dada mkubwa wa mke wangu. Njiani mke wangu aliniuliza, "Ulisema uongo kwa ajili ya mutu haumujui?"

"Ndiyo."

"Na siye je?"

Kule Katana, kila nikisikia injini barabarani, nilijificha shambani.

Jumapili moja, mwezi ukiwa umepita, nilimkuta shofele nje ya kanisa la Katana, hana viatu. Alikuwa anaenda kwao Kalehe kwa miguu. Mke wangu alimpa bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, naye akaanza kula. Kisha alieleza kwamba bwate ilikufa Luberizi, katikati ya mashamba ya mpunga. Komanda alikuwa ametangulia na gari lingine. Askari walioachwa walienda kutafuta chakula, naye akaanza kutembea.

"Ulijua itakufa?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Na haukuniambia."

"Ningekuambia, ungeendesha na woga, wangeuona."

Alitafuna, akameza. "Hata vile niliendesha na woga," alisema.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka na makobazi aliyopewa na shemeji yangu miguuni. Sikumwona tena. Sisi tulirudi Bukavu wiki iliyofuata, kwa kuwa komanda alikuwa mbali. Kwa miezi mingi, gari la jeshi likipunguza mwendo mbele ya garaji, niliweka chini chochote nilichoshika na kusikiliza kama milango yake inafunguka.