Unga Chini ya Injini

Jengo ninamofanya kazi siku hizi lina jenereta nyuma ya maegesho, na kila umeme unapopotea harufu ya oili iliyopata moto hupanda hadi dirishani kwangu. Wenzangu hufunga madirisha. Mimi huweka kalamu chini na kuanza kujiuliza ni nani aliyeigusa jenereta ile mara ya mwisho, na kama alijua alichokuwa akifanya. Sababu yake sijawahi kumweleza mtu. Nawaambia ninyi kwa kuwa hamumjui mama.

Mama alikuwa na mashine ya kusaga mahindi Kawangware, katika kibanda cha mabati kwenye ploti yetu. Ilikuwa miaka ya sabini, na bado kulikuwa na ng'ombe na migunda ya mahindi kati ya nyumba na nyumba. Baba alifanya kazi Nakuru, akija mwisho wa mwezi, kwa hivyo mashine, ploti na wasiwasi wote vilikuwa vya mama. Injini ilikuwa ya dizeli, ya kijani, fupi na nene kama mtu aliyeketi kwenye kigoda. Ubavuni ilikuwa na kifuniko cha bati kilichoshikwa na bolti sita, na hapo ndipo oili ilipovuja. Mwanzoni lilikuwa tone moja moja, kisha mchirizi, kisha mkanda wa mashine ukaanza kuirusha hadi kwenye mahindi ya watu.

"Mama Nyambura, unga wako unanuka lori," mwanamke mmoja alimwambia mbele ya foleni nzima. "Watoto wangu wakikula hiyo ugali watanguruma."

Foleni ilicheka. Wiki iliyofuata nusu yao walikuwa wakisaga kwingine.

Mafundi wawili walikuwa wameshakuja. Kila mmoja aliiacha injini kavu, na kila mmoja ilibidi aitwe tena kabla mwezi haujaisha. Mama akakata shauri kwamba fundi huacha kitu kimelegea makusudi ili aitwe tena. Alilisema jambo hilo akichambua maharagwe, akinisuka nywele, na hata katika kuombea chakula alilipitia kidogo. Nilikuwa na miaka tisa, na nililiamini kama nilivyoamini kwamba mbili mara mbili ni nne.

Fundi wa tatu aliitwa Ouma. Alitembea kwa miguu kutoka Kianda, kule Kibera, vifaa vyake vikiwa ndani ya gunia. Mama alimwahidi jambo kubwa. Injini ikikaa wiki moja bila kuvuja, angempa kazi ya kuitunza mashine kila siku, pamoja na chumba cha nyuma ya kibanda. Mke wake na watoto walikuwa bado nyumbani Siaya kwa kukosa pa kukaa Nairobi.

Kisha mama akaniita kando. "Kaa hapo umwangalie mikono. Akificha kitu, uniambie."

Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa. Ouma alifungua kifuniko, akakwangua kwa wembe mabaki ya gasketi ya zamani, kile kizibo chembamba cha kati ya kifuniko na injini, akapitisha ukucha ukingoni, akakwangua tena, akafuta kwa kitambaa chenye petroli, kisha akapitisha ukucha tena. Nilishuku kwamba anavuta muda. Halafu akatoa karatasi. Ilikuwa nene, ya kahawia, kama jalada la faili la ofisini. Aliilaza juu ya kifuniko na kuigongagonga pembezoni kwa nyundo ndogo hadi umbo la kifuniko na matundu yake sita yakajichora. Akaanza kuikata.

Nilikimbia kwa mama. "Anaweka karatasi."

Mama alikuja, mikono kiunoni. "Fundi, unaziba injini yangu na karatasi, kama dirisha imevunjika?"

"Hii ndio gasketi yenyewe, mama," Ouma alisema bila kugeuka. "Hata ile ya duka ni hii tu, imekatwa na mtu mwingine."

Aliipaka grisi kidogo, akarudisha kifuniko, akaanza kukaza kwa spana fupi. Alikaza bolti moja huku, kisha ile inayoikabili upande wa pili, kidogo kidogo, akazunguka hivyo mara tatu. Mwishoni alikuwa akiivuta spana kwa vidole viwili tu. Wale mafundi wa kwanza walining'inia kwenye spana hadi mishipa ya shingo ikawatoka.

"Mbona hukazi?" nilimwuliza.

"Nyathina, mtoto wangu, nikikaza sana hii karatasi itatoka kando kama mkate imekaliwa. Na bati itapinda."

Aliwasha injini ikanguruma saa nzima, kisha akaizima. Mama alinyunyiza chini yake unga uliofagiwa sakafuni, kama alivyofanya baada ya kila fundi, ili hata tone moja lionekane. Halikuonekana. Ouma akasema injini ipumzike Jumapili. Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua, angekuja kuongeza kidogo kwenye kila bolti, maana gasketi mpya ikishapata joto hulala na kuziacha bolti zimelegea kidogo.

Mama alimtazama hadi alipopotea njiani. "Umesikia? Ameshasema atarudi."

Jumapili baada ya ibada, mama alibaki kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikatoa spana ndefu ya baba chini ya kitanda, nikaingia kibandani. Bolti mbili za mbele zilikubali kuzunguka, na kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Niliikanyaga spana kwa mguu hadi zikagoma. Za nyuma sikuzigusa, kwa sababu mtu alikohoa barabarani nikashtuka. Nilitoka pale nikijiona nimezuia wizi.

Jumatatu mama hakumngoja Ouma, aliwasha mashine. Fundi alipofika, unga chini ya injini ulikuwa na doa jeusi pana kama sahani. Alipiga magoti, akapitisha kidole ukingoni mwa kifuniko. Karatasi ilikuwa imechomoza mbele, imechomoza nyuma, na katikati bati lilikuwa limepanda. Alizijaribu bolti kwa spana yake fupi.

"Nani ameshika hii kitu?"

"Hakuna mtu ameshika," mama alisema.

"Mama, mimi sikuiacha hivi. Wacha nikate ingine saa hii, sitaki kitu."

"Hata wale wengine walisema hivyo hivyo."

Ouma alinitazama. Nilitazama kidole changu cha mguu. Alifuta vifaa vyake kimoja kimoja, akavitia guniani, akaenda. Chumba cha nyuma kikawekwa magunia, na injini ikaendelea kuvuja hadi siku ilipouzwa.

Chuo kikuu nilisomea historia, lakini nilitafuta kitabu cha mitambo maktabani ili nijue nilichofanya. Ouma alikuwa amesema kweli tupu. Hata hivyo, kilichoninyima usingizi zaidi ni kwamba nilimfanya mama, asiyejua kitu, aseme uongo mbele ya watu.

Mwaka jana, siku moja baada ya mahafali yangu, tulikuwa tukimenya viazi. Mama akasema, bila kuulizwa, "Unamkumbuka yule fundi wa Kianda? Zile bolti za nyuma nilizikaza mimi. Asubuhi na mapema, kabla ya kanisa. Niliona amezilegeza." Akatupa kiazi kwenye maji. "Baadaye nilienda Kianda mara mbili kumtafuta. Wakaniambia amehama."

Alisema za nyuma. Za mbele hakuzitaja, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sikujua kama alikuwa akikiri au akinitega. Niliwaza kwamba Jumatatu ile tulikuwa wawili kibandani tuliojua, na kwamba kama mmoja wetu angefungua mdomo, pengine wa pili naye angefungua, na Ouma angekata karatasi nyingine. Mama alikuwa bado anasubiri.

"Pole, mama," nilisema, kama mtu ambaye hakuwepo.