Karani Aliyeandika Siri

Karani wa kikosi chetu tulimwita Muhuri. Nimekaa naye ofisi moja miaka sita, mimi mtunza stoo, meza yangu ikitazama kisogo chake, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Kalamu zake alizipanga kwa urefu. Ukimpelekea fomu ya likizo yenye kosa, alikurudishia bila kukutazama na kukupa neno lake lile lile: "Soma nyuma." Kila fomu ya serikali, alisema, ukweli wake uko ukurasa wa nyuma, kwa herufi ndogo.

Mtu huyu alikuwa na miaka ishirini na miwili jeshini na hajapiga kura hata mara moja. Si kwamba hakuipenda nchi. Kila uchaguzi ulimkuta amehamishwa juzi: kituo cha zamani kimemfuta, kipya hakijamwandika. Wengi wetu tulikuwa hivyo hivyo na usingizi tulipata. Naye angeupata, kama si dada yake.

Dada huyo ni fundi cherehani, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Kwao, uchaguzi ukikaribia, orodha ya wapiga kura hubandikwa ukutani shuleni, na mtaa mzima huenda kutafutana. Mwaka huo dada alipitisha kidole majina yote, kisha akapiga simu. Muhuri, kwa kuwa alikuwa anapiga mistari kwenye daftari, aliiweka simu mezani kwa sauti kubwa, nami nikasikia yote. Miaka minne hajafika nyumbani, jina lake halimo, majirani wanauliza kama yu hai.

Muhuri akajitetea kwamba yeye ni wa pale pale, si mgeni.

"Mgeni afadhali, mdogo wangu," dada akasema. "Wageni huja."

Muhuri akanywea. Jioni ile hakugusa mistari yake tena. Kesho yake alikuja na kanuni: askari au mtumishi wa serikali aliyepelekwa mbali anaweza kuandikishwa kule alikoishi kabla ya kuajiriwa, na karatasi ya kura akaletewa kwa bahasha. Kinachotakiwa ni fomu, saini ya mkuu wa kikosi, na vyote vifike ofisi ya uandikishaji kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akatukusanya, tukawa thelathini na saba, akatujazia fomu mwenyewe kwa kuwa hakuuamini mwandiko wetu.

Bahasha tuliyotuma ilirudi Jumanne, siku tatu kabla ya mwisho. Ndani zilikuwemo fomu zote, na kikaratasi cha msajili kwa wino mwekundu: "Hatuna kata iitwayo Siri."

Kwenye kisanduku cha "Mahali ulipo sasa", Muhuri alikuwa ameandika SIRI mara thelathini na saba, kwa herufi kubwa nzuri. Ndivyo tunavyofundishwa siku ya kwanza ya mafunzo: askari haandiki alipo. Na siri yenyewe ni hii, kwamba mama muuza chai wa getini amesimamisha ubao barabarani, "Chai ya Kambini", wenye mshale.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikafanya jambo nililolingoja miaka sita. Nikaigeuza fomu, nikamwekea mbele, nikamwambia asome nyuma. Ilikuwa imeandikwa: "Askari aliye kambini ataandika sanduku la posta la kikosi tu." Kweli mganga hajigangi.

Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Dada nimeshamwahidi," akasema.

Kicheko kikanikauka, nikajionea haya. Nikavuta kiti changu mezani kwake. Kila fomu ilitaka neno likatwe, sanduku la posta liandikwe, na mkuu asaini pembeni, na mkuu mwenyewe alikuwa anasafiri alfajiri. Muhuri alianza na zetu, yake akaiweka mwisho. Niliona alichojaza kwenye makazi ya kabla ya jeshi: "Chumba cha nyuma, nyumba ya dada, mkabala na shule." Mkuu alisaini zote thelathini na saba akinyoosha vidole, akauliza swali moja tu: kama tulipo ni siri, barua za mkewe zinampataje? Alhamisi dereva wa lori la chakula akazifikisha.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Safari hii Muhuri aliiweka sauti kubwa kwa makusudi.

"Nimeliona jina lako," dada alisema. "Liko chini ya langu." Nadhani alijifuta macho, kisha sauti ikarudi ya fundi cherehani. "Sasa sikiliza. Kila mkazi hapa ana zamu ya kuzibua mtaro. Yako Jumamosi ijayo."

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa koleo. Sijawahi kumwona mtu akifurahia tope namna ile.

Papo hapo akachomoa fomu ya likizo. Penye "Mahali unapokwenda" kalamu ikasita, nami nikakohoa. Akaandika: Nyumbani. Kisha akaigeuza, akasoma nyuma yote mpaka mstari wa mwisho, ndipo akaigonga muhuri.