Chupa Tatu Juu ya Banda la Mbuzi

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikieleza vibaya, kosa ni langu, si la binti wa dada yangu anayesomea kemia chuo kikuu. Likizo ile alinikuta na shida. Maji ya rangi ninazotilia batiki yalikuwa yameingia kwenye mfongo, mfereji unaomwagilia migomba yetu sote. Mzee wa shamba la chini akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbuzi wangu wakizaa watoto wa bluu, utawalea wewe."

Kisha akaacha utani: nikimwaga tena, atawaambia wenzetu wa mfongo wanizuie kazi. Kwa haki kabisa, hakukosea.

Binti akapanga juu ya banda langu la mbuzi chupa tatu za maji yangu ya bluu. Ya kwanza hakutia kitu. Ya pili akatia unga wa manjano, ambao ukipigwa na mwanga huu huu wa kawaida huvunjavunja rangi. Ya tatu, unga uleule, ila umeshikishwa vikombe vidogo visivyoonekana, vilivyotokana na wanga wa mahindi. Rangi hukaa humo kama yai kwenye kiota, alisema: halikugundishwa, limepata tu mahali panapolitosha. Basi haizururi majini, iko karibu na unga.

Nikaogopa vumbi, nikazifunika kwa kanga. Mchana akashika kiuno.

"Mama mdogo! Umezifunika kama maziwa? Hizi chakula chake ni mwanga!"

Akacheka, kesho yake akaanza upya. Mimi ningenuna.

Siku hiyo mawingu yalishuka toka mlimani mapema. Hata hivyo, jioni alipochuja, maji ya chupa ya tatu yalikuwa meupe kama ya mvua. Ya pili ilibaki na ubluu kwa mbali. Ya kwanza nayo ilipauka kidogo. Jua peke yake lina kazi yake, tusilidhulumu.

Mzee, aliyekuwa amekuja kujionea, akaiinua ile ya tatu. "Sasa niwape mbuzi?"

Nilitamani sana binti aseme ndiyo.

"Hapana, babu," binti akajibu. "Rangi imekwenda, lakini sijui imeacha nini. Mpaka nikapime chuoni."

Mzee akamtazama, akanigeukia. "Wewe maji yako weka kwenye pipa. Huyu akisema tayari, nitaamini."

Pipa limefika nusu. Batiki naendelea nazo.