Posho ya Herufi

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka ya shule si kengele, ni mashine ya kusaga mahindi. Ilikuwa upande wa pili wa ukuta, huko Bel-Air, mtaa wetu wa Lubumbashi, na ilianza kunguruma saa ileile Madame Godelive alipoanza kutuimbisha silabi. Ikawa sisi wa darasa la kwanza tunapaza sauti ili kuishinda mashine, na mwenye mashine, nadhani, anaongeza mafuta ili kutushinda sisi. Vumbi la unga lilipita madirishani na kutua juu ya nywele zetu, tukarudi nyumbani mchana na mvi za watu waliokwisha kuozesha wajukuu. Mimi nilipenda nyumbani kuliko shuleni, jambo ambalo halijabadilika: mpaka leo ukinialika harusini nitauliza kwanza kama kuna ulazima. Lakini mwaka ule nilikuwa na sababu ya kweli ya kuikimbia shule. Ilikuwa herufi moja tu, herufi u.

Mama alizaliwa Mitwaba na alijifunza kusoma Kiswahili kwenye mafundisho ya komunyo. Tangu hapo hakuna maandishi yaliyompita salama: mifuko ya sukari, ubao wa kinyozi, kanga za wanawake wenzake kanisani. Kila alasiri, mbabula, jiko letu la makaa, ikianza kushika moto uani na sufuria ya maji ya bukari, yaani ugali, ikingoja zamu yake, alinikalisha kwenye kigoda, mdogo wangu Ilunga akiwa ameegemea goti lake, akachora herufi ukutani kwa kipande cha kaa. Harufu ya moshi na harufu ya kusoma kwangu mimi ni kitu kimoja. “Hii ni nini?” “Lu!” “Lu kama nini?” “Lu kama Lubumbashi!” Tulikuwa na uhakika, mji mzima ukiwa shahidi wetu. Kesho yake Madame akaandika ubaoni maneno ya Kifaransa, la lune, yaani mwezi, akaniinua. Nikasoma kwa sauti ya mtu aliyelala amejiandaa: “La lu-ne.” Darasa likaanguka kwa kicheko. U ya Kifaransa, kwa asiyeijua, unaifanya kwa kuchongoa midomo kama unapuliza moto, kisha ndani ya mdomo huohuo unasema i. Nilijaribu. Nilichopata ni mate. Wenzangu wakanibatiza Lune, wakilitamka kwa kosa langu, na jina hilo lilidumu kuliko viatu vyangu vya shule.

Mwisho wa muhula wa kwanza Madame alimwita Mama mlangoni pa darasa. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi. “Mama, mutoto iko na akili. Lakini ku nyumba munamuharibia. Hapa minasema hivi, kule munasema vile. Mumuache kwanza. Kama hasome muzuri mbele ya Pasaka, atarudilia mwaka.” Mama akaitikia, “Ndiyo, Madame,” akanishika mkono, na njia nzima hakusoma hata bango moja. Jioni Baba, aliyekuwa mlinzi wa ghala la reli na mtu wa kupenda mambo yaishe mapema, alisema, “Si banakuambia uache? Acha.” Akaacha. Ungefikiri nilifurahi. Lakini sasa nilikuwa na hofu ya kurudia darasa na sina wa kunisaidia, maana Baba mwenyewe alisoma magazeti kwa kutazama picha. Ilunga alileta kipande cha kaa mwenyewe, akakiweka mapajani mwa Mama. Mama alikitia mbabulani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wanasema, ila waliotunga methali hiyo hawakutuachia neno kuhusu mzazi aliyeambiwa amlee tumbo tu, kichwa akiachie shule.

Mkutano wa wazazi ulifanyika mwanzoni mwa muhula wa pili, ndani ya darasa letu, na mimi nilikuwepo kwa sababu Mama hakuwa na wa kumwachia Ilunga nami nilikuwa wa kumshika. Mkurugenzi wa shule alizungumza juu ya usafi wa sare na watoto wanaochelewa. Alipouliza kama kuna neno, Mama akasimama. Baba akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake.

“Monsieur le Directeur, banasema tunaharibia batoto. Mi' sikatae. Ile u yenu siijue. Basi mutufundishe. Mutupe classe moja, siku ya posho asubui, bazazi pamoja na batoto, hata bale badogo benye habayaanza masomo.”

“Mama, masomo ni ya batoto,” akasema Mkurugenzi kwa upole. “Kazi ya muzazi ni kuleta mutoto, iko safi, iko anakula. Basi.”

Mzee mmoja nyuma akadakia, “Na weye mama, utavaa uniforme ya namna gani?”

“Ileile yenye bibi yako atavaa. Naye atakuya.”

Watu wakacheka, na kicheko cha Bel-Air hakina huruma, lakini safari hii hakikuwa juu ya Mama. Hakukaa. Huku kwetu Jumamosi ina jina lake, siku ya posho. Babu zetu wa mgodini na wa reli waligawiwa siku hiyo unga, maharagwe na samaki wakavu, na jina limebaki ingawa mgao uliisha kabla sijazaliwa. Mama akalishika jina hilo. “Zamani ku posho, Directeur, bunga ilikuwa ya nani? Ya baba yeye moja? Banapima ya bwana, ya bibi, ya kila mutoto, hata wa ku mugongo. Hakuna mwenye aliuliza mama: weye unatafuta nini hapa? Sasa hii posho ya herufi, juu ya nini munapimia mutoto peke yake?”

Mkurugenzi alivua miwani. Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekulia kwenye foleni hizo za posho. “Classe iko,” akasema. “Mwalimu njo hakuna.” Wote tukamgeukia Madame Godelive, naye akajitetea kama mtu aliyesukumwa kwenye maji: “Ah non! Mi' siku ya posho minafulaka manguo!”

“Basi, Madame,” akasema Mama, “kuya na manguo.”

Akaja nayo. Ndivyo ulivyoanza mradi ambao leo ungepewa jina refu. Beseni liliwekwa nje chini ya dirisha, wazazi wawili wakifua kwa zamu huku wamenyoosha shingo kusikiliza, wengine wakiwa wamebanwa kwenye madawati yetu, magoti yamefika kidevuni na watoto katikati ya magoti. Kamba ilifungwa karibu na mlingoti wa bendera, na Mkurugenzi alipopita alitazama mawinguni ili asizione shimizi za mwalimu wake. Jumamosi ya kwanza Madame aligawa ubao katikati kwa mstari. “Mama, u yako iko muzuri,” akasema. “Ni ya Kiswahili. Badogo bataanza na yako. Ile ingine tutaiongeza juu yake, hatutatosha yako, itabakia.” Hakuna aliyekuwa amewahi kutuambia kwamba zipo mbili na kwamba zote ni halali. Kisha wanawake wazima wakachongoa midomo kwa pamoja, kama umati unaopoza chai moja. Baba alianza kuja baadaye, kuangalia tu kama madawati yanavumilia, na akawa wa mwisho kutoka.

Mama hakuiweza u ile hata siku moja. Mwezi ulibaki “lini” kwake mpaka uzee. Lakini kaa lilirudi ukutani, na sasa tulipofika kwenye u alisema, “Hapa sema vile Madame anasemaka, miye usinifuate.” Hilo lilinitosha. Kabla ya Pasaka nilisoma, nikapita, wala si kwa maajabu: nilishika nafasi ya katikati, ambako nimeishi tangu hapo, diploma ya sekondari ikiwemo. Ilunga ndiye aliyeingia darasa la kwanza anasoma tayari. Leo ni mwalimu mjini Likasi, na husahihisha ujumbe wangu wa simu kabla ya kuujibu.

Sisemi zamani ilikuwa bora. Darasa la binti yangu lina vioo madirishani, na vyoo vyake vina milango. Ila mzazi huishia getini, kwa mlinzi, na mambo ya shule hutufikia kwenye kundi la simu. Niliandika humo nikiomba Jumamosi moja ya kusoma pamoja na wadogo. Nilijibiwa kwa vidole gumba. Ikabidi nitoke nyumbani, tukio ambalo mume wangu alilipiga picha. Mkurugenzi wa shule hiyo, kijana mwenye adabu, aliniomba projet, yaani mradi wa maandishi, yenye malengo. Mama yangu hakuwa na malengo, alikuwa na mdomo. Mimi nilibabaisha yote mawili, akatupa darasa kwa majaribio: watu wasipokuja, atalichukua. Jumamosi iliyopita tulikuwa mwalimu, mimi na binti yangu, mama mmoja na watoto wake pacha, na baba mmoja asiyejulikana aliyeingia kukwepa mvua, akiwa amemfunika mtoto wake kwa koti. Alisimama karibu na mlango. Tukaendelea kusoma bila kumtazama, kama unavyofanya na ndege aliyeingia ndani. Mvua ikakatika, jua likatoka. Akamvua mtoto koti, akasogeza benchi, akauliza tuko ukurasa gani.