Rakola ya Ijumaa Kuu

Padri Denis alipobisha hodi Jumatatu ya Wiki Takatifu, mkononi ana kitu kilichozungushiwa gazeti kuukuu, Norina Biscaro alikijua kabla hakijafunguliwa. Alikijua kwa mpini. Akavuta kiti akakaa.

"Bibi Norina, hebu tazama nilichokiokota kwenye kabati la sakristia!" padri akasema, furaha tele. Kijana wa watu, hana hata mwaka hapa Treviso, na kila akipekua kabati anadhani amegundua dunia mpya. Akafunua gazeti. Rakola ikatoka: mpini wa mbao, gurudumu la meno, na ulimi mnene wa mbao ambao ukiizungusha unayapiga yale meno, kra-kra-kra-kra, mtaa mzima ukasikia.

"Iweke chini," Norina akasema.

"Bado inafanya kazi, ngoja nikuo…"

"Iweke chini, Padri! Usiizungushe humu ndani mwangu."

Akaiweka mezani, kidogo ameshtuka, akaanza kueleza. Kila tarehe saba Aprili kengele ya parokia ya San Bovo hupigwa saa ileile ya mabomu, kuwakumbuka waliokufa mwaka arobaini na nne, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka huu tarehe saba imeangukia Ijumaa Kuu, kama mwaka ule wenyewe. Na Ijumaa Kuu kengele zimefungwa kamba, hazilii mpaka Bwana afufuke. Basi italia rakola, kama enzi za wazee. Na nani wa kuizungusha kama si yeye Norina, binti wa sakristani, aliyeishika siku ile?

"Nani kakwambia niliishika?"

"Imo katika daftari la parokia. 'Mwito umetolewa na Norina.' Mwandiko wa baba yako."

Norina akacheka kicheko kikavu. Mzee Attilio, Mungu amrehemu, mtu yule aliandika kila kitu, hata vipande vya mishumaa vilivyobaki. Jambo moja tu hakuliandika.

Na jambo lenyewe ni hili, tuliseme tumalize. Uchochoro wa San Bovo uko nyuma ya soko la samaki, kando ya mfereji, na siku zile kinu cha maji kilikuwa kikinguruma hapo mchana kutwa. King'ora cha mji kilipoonya, kikipanda na kushuka, mlio wake ulipenya. Kilipotangaza usalama, mlio mmoja wa chini, kinu kiliumeza wote. Kwa hiyo kila mara Attilio alipanda mnarani akapiga kengele ndogo, na watu wakatoka katika maghala ya chini ya nyumba walikojificha. Ilikuwa desturi ya uchochoro ule peke yake. Sasa, siku ambazo kengele hufungwa, kila kazi ya kengele hufanywa na rakola: adhuhuri, ibada, tanzia. Je, na usalama nao? Hakuna aliyeuliza. Si padri wa wakati ule, si Attilio, wanaume wazima na masharubu yao!

Ijumaa ile Norina alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiyo mara yake ya kwanza kukabidhiwa rakola, maana kaka yake aliyeizungusha miaka yote alikuwa vitani. Baba alimwambia: saa saba na robo pita uchochoroni uite watu ibadani, usichelewe, usiniaibishe. Akaenda zake sokoni. Muda si muda king'ora kikalia. Asubuhi kilikuwa kimelia vilevile na ndege zikapita juu kwa juu, safari yao Ujerumani. Norina akatazama saa ya sakristia, akakiogopa kibao cha baba kuliko ndege. Akatoka nje akaizungusha kwa nguvu zake zote.

Milango ya maghala ikafunguka. Walitoka watu saba. Wa kwanza alikuwa Adele Tonon, mama kijana wa nyumba ya pembeni, ambaye alimcheka Norina, akamwambia neno, akaingia jikoni kwake. Norina akaendelea na njia kifua mbele, fahari imemjaa, kwa sababu mtaa umemtii. Alikuwa amefika chini ya tao la daraja mabomu yalipoanguka. Wale saba walikufa wote. Waliobaki ghalani kwa Adele, mama mkwe wake na mtoto wake Silvano wa miaka minne, walifukuliwa jioni wakiwa hai.

Norina hakumwambia mtu. Baba yake, kama alijua, hakusema. Aliizungushia rakola gazeti la wiki ile akaitupa ndani kabisa ya kabati la sakristia, basi. Msichana akakua, akashona mashati kiwandani miaka thelathini, akaolewa na Ottorino, akazaa watatu, akamzika Ottorino. Na kila Ijumaa Kuu goti lilimshika ghafla akashindwa kwenda kanisani. Wanawe walimtania: "Mama, goti lako linajua kalenda kuliko padri." Alicheka nao, na moyoni alikuwa hoi.

Lakini balaa kubwa lilikuwa Silvano. Silvano alikua akawa fundi bomba, akarudi kuishi mtaani, na tangu wote wawili wafiwe na wenzi wao, kila Alhamisi baada ya chakula anakuja kwa Norina kucheza karata na kunywa glasi moja ya mvinyo mweupe. Anakula kila anachopewa isipokuwa fugasa, ule mkate mtamu wa Pasaka. Norina humwokea kila mwaka, na kila mwaka Silvano anashukuru, anaubeba, anampa jirani. Hakuna siku aliyoeleza sababu, na Norina hakuthubutu kuuliza.

Norina alikuwa amekwisha kumkubalia padri, shingo upande. Alhamisi hiyo Silvano alikuja mapema, ametoka kunyoa ndevu, jeraha dogo kidevuni. Miaka themanini na tatu, na bado anajikata kwa wembe.

"Unaiba," akasema baada ya mchezo wa pili.

"Nikuibie nini na wewe unacheza usingizini?"

"Nina mawazo, mwanamke. Padri ameniomba niseme kesho, kabla hujazungusha hilo dude lako."

"Useme nini? Ulikuwa na miaka minne."

"Nitasema nilichofanya." Akaweka karata zake chini, kifudifudi, taratibu. "Nilimuua mama yangu, Norina."

"Acha upuuzi!"

"Nisikilize. Mle ghalani nililia. Mama alikuwa ameacha fugasa tanurini, harufu yake iko mikononi mwake, na mimi njaa inaniuma. Nililia, nikapiga miguu, mpaka akasema, haya, nyamaza, nitakuletea. Ndilo neno la mwisho ninalolikumbuka. Kwa mkate! Hata Loretta, mwanangu wa kumzaa, sijamwambia. Kesho nasema mbele ya watu wote, nikifa nife mwepesi."

Maneno yote Norina alikuwa nayo, yamepangana. Si wewe, ni mimi. Maneno manne tu, hata mtoto angeyasema! Lakini alimtazama mzee yule, na kiti kile ambacho hakuna mwingine anayekikalia, akaona akisema leo basi Alhamisi ijayo kiti kitakuwa kitupu.

"Silvano…" akaanza.

"Usinibembeleze. Cheza."

Akacheza. Akatupa karata mbovu kuliko zote, Silvano akala, akamaliza mvinyo wake, akavaa kofia akaondoka. Mwoga! Norina alijitukana mwenyewe kwa sauti, peke yake jikoni, matusi ambayo wanawe hawajui kama anayajua.

Ijumaa kulipokucha goti halikuuma. Alilikunja, akalikunjua, akaligonga kwa ngumi. Zima kabisa.

Saa saba watu walikuwa wamejaa uchochoroni. Kinu kiliondolewa zamani, mfereji ulipita kimya. Norina alisimamishwa mbele, koti jeusi, rakola mkononi, na padri akamnong'oneza: "Silvano akimaliza, wewe unaanza. Usiwe na wasiwasi, Bibi." Wasiwasi! Aliutafuta uso wa Silvano ili amwite kando, hata sasa, dakika moja tu ingetosha, lakini Silvano alikuwa akimtazama bintiye Loretta tu, na karatasi aliyoshika ilikuwa imeshafunguliwa.

Ikafika saa saba na robo.

"Naitwa Silvano Tonon," akasema. "Mama yangu alikuwa Adele. Wengi mnajua alifia pale, penye ule mlango wa kijani. Hamjui kwa nini alitoka ghalani. Mimi ninajua. Nilikuwa mtoto wa miaka minne, nilikuwa na njaa, na…"

Kra-kra-kra-kra!

Watu waliruka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Padri akapunga mikono: bado, Bibi, bado! Norina aliendelea kuizungusha mpaka mkono ukaishiwa nguvu, na ilipokaa kimya uchochoro mzima ulikuwa unamtazama yeye.

"Hii ndiyo iliyomtoa mama yako," akasema.

"Norina, unafanya nini?" Silvano akauliza.

"Si wewe. Ni mimi. King'ora kilikuwa kimelia, nami nikapita na hii kuita watu ibadani, kwa kuwa baba aliniambia saa saba na robo. Kengele zimefungwa. Waliposikia rakola walidhani ni usalama. Wakatoka."

"Nililia nikitaka mkate."

"Ulilia, ndiyo! Nani hakulia? Hata asubuhi mlijificha na ulilia hivyohivyo, bibi yako alitusimulia miaka nenda rudi jinsi ulivyowachosha, na Adele hakusogea! Alitoka aliposikia hii. Walitoka saba, Silvano. Gildo mshona viatu, na dada wawili wa kina Zanatta, na wenzao. Hao nao walililiwa mkate na nani?"

Silvano alihesabu kimoyomoyo.

"Miaka sabini na tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Kila Alhamisi unakaa mbele yangu. Unanimiminia mvinyo."

"Ndiyo, Silvano."

"Na jana! Jana nimekwambia, ukanyamaza. Ukatupa karata."

Silvano akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akageuka. Loretta akamkimbilia. Norina alikuwa amebaki na neno moja la kumwambia, lile lililokuwa kubwa kuliko yote, lakini mgongo ulikuwa umeshaingia katika watu.

"Alikuwa mtoto tu, maskini," mwanamke mmoja akasema nyuma yake.

"Nyamaza wewe, hukuwapo," Norina akamjibu bila kugeuka. Kisha akamuuliza padri kama kazi imekwisha au vipi, na kabla hajajibiwa akaanza kutembea. Aliipitisha rakola uchochoro wote, akiizungusha polepole, mpaka penye tao la daraja, watu wakimfuata nyuma.

Jumamosi alikanda fugasa. Kwa nini, hata yeye angeulizwa asingejua, mikono ilizoea. Haukuumuka mara ya kwanza, akaanza upya. Jioni aliubeba mwenyewe, goti sasa linauma kwelikweli, akauweka mlangoni kwa Silvano, akagonga, akaondoka. Jumapili kengele za mji mzima zililia na yeye akala supu yake peke yake. Watoto walipiga simu wote watatu, kila mmoja amekwisha kusikia. Mtaa ule hauna siri, ulikuwa na siri moja tu na nayo sasa imetoka.

Jumatatu ya Pasaka, adhuhuri, simu ikalia tena. Loretta.

"Shangazi Norina, baba amekula fugasa."

Norina akakaa.

"Tangu nizaliwe sijamwona akiuonja. Amekula kipande, akalia, akala kingine, akaokota na makombo. Ameniambia nikwambie hasemi na wewe."

"Ana haki."

"Na Alhamisi haji."

"Sawa, mwanangu. Nimesikia."

"Lakini anauliza kitu." Loretta akashusha sauti. "Anasema hajawahi kuthubutu kumuuliza mtu yeyote habari za siku ile. Anataka kujua mama yake alikuwa amevaa nini. Na kama alisema neno alipopita."

Norina akahamishia simu sikio la pili, lile linalosikia vizuri zaidi, ingawa wa kusema alikuwa yeye.

"Mwambie alivaa aproni ya buluu, na unga mpaka kwenye viwiko. Na alikuwa anacheka. Alinishika mkono huu wa kulia, akaniambia, 'Polepole wee Norina na kelele zako, utaniamshia mtoto, ndiyo kwanza kalala.'"

Upande wa pili simu ilisikika ikibadilisha mkono, kitu kikagonga meza, kisha zikaja pumzi nzito ambazo hazikuwa za Loretta.

"Sema tena," Silvano akasema.

Norina akasema tena.